Malaika ya Pembeni



Leo nimekuja redioni na maumivu ya kiuno. Jumamosi nilikaa kwenye kigoda, barazani kwa msusi mmoja hapa kwetu Isevya, Tabora, tangu saa tatu asubuhi mpaka adhana ya alasiri, na wala sikuwa nasukwa mimi. Nilimsindikiza binti wa kaka yangu. Rafiki yake anaolewa, yeye ni mmoja wa wapambe, na kamati ya wapambe ilishapitisha azimio: vichwa vyote viwe na wivingi, ndefu, ya kufika mgongoni, rangi moja. Ukiwa mzazi wa siku hizi unajua kwamba maazimio ya kamati za harusi hayakatiwi rufaa. Kazi yangu mimi ilikuwa kulipa na kunyamaza. Ya kwanza niliitimiza.

Basi nikuchoree picha. Binti kaketi mkekani, mgongo wake katikati ya magoti ya msusi. Pembeni kuna kitana chenye mkia, mkasi, kibiriti cha gesi, uzi mweusi, chupa ya chai yenye maji ya moto ambayo hayakuwa ya chai, na sindano iliyopinda kama mwezi mwandamo. Msusi ni mama wa makamo, mikono yake haimngoji aiangalie. Anaongea na jirani wa ng'ambo ya barabara kuhusu bei ya karanga, na huku vidole vinatembea: vinachukua fungu, vinaligawa mara tatu, vinakaza, vinasonga mbele. Alianzia ukosini akazunguka kichwa mara nyingi kama gamba la konokono, mpaka utosini. Hiyo ndiyo njia ya chini, ambayo mgeni wa harusi haioni, na ndiyo itakayobeba kila kitu.

Ndipo akafungua pakiti. Ndani mna mkanda mwembamba wa nywele, umeshonwa juu kwa mashine, nywele zinaning'inia kama matamvua ya kikoi. Juu ya pakiti pameandikwa kwamba ni za binadamu, zote asilimia mia moja. Msusi hakusoma. Alichomoa nywele mbili tatu, akaziwasha kwa kibiriti.

Hii ni mahakama ya wasusi, na ushahidi wake ni wa pua. Nywele ya mtu ikiungua inanuka kama manyoya ya kuku unapombabua, kisha inakuwa jivu ambalo ukilifikicha linapotea. Nywele ya kiwandani haiungui hivyo. Inayeyuka, inajikunja, inapoa ikiwa kidonge kigumu cheusi. Zetu moja ilinuka kuku. Mbili zikawa vidonge.

"Mchanganyiko," akasema mama, akanionyesha kile kidonge kwenye ncha ya kidole. "Umeuziwa shanga, shangazi mtu."

Kila mtu alicheka isipokuwa aliyelipa. Lakini neno lile "shanga" likanichukua mbali, na nitalirudia. Kwanza kuna jambo lililotokea hapo mkekani.

Mkanda wa mwisho ulipofika mbele, karibu na paji, binti akakunja uso. "Mama, inavuta."

"Ndiyo ishike, mwanangu. Nikiilegeza hapa, wiki ijayo utaniambia nimekula hela yenu."

Hilo si jibu la ukatili. Ni jibu la biashara. Mteja wa kwetu hupima kazi ya msusi kwa siku ambazo msuko unakaa, na msuko unaokaa ni uliokazwa. Tena tumefundishwa tangu watoto kwamba ukitaka uzuri sharti udhurike, basi mtoto akilia kidogo tunaona kazi inakwenda vizuri. Nami hapo nikatia mdomo, kwa sababu nina haki ya kuutia.

Haki yangu iko hapa, pande zote mbili za paji la uso. Ungekuwa unaniona ungeona kilemba, na chini ya kilemba ungeona ngozi. Miaka kumi na kitu iliyopita nilisukwa kwa ajili ya sherehe ya mdogo wangu, mahali ambapo sitapataja, na mtu ambaye sitamtaja. Nililala nimekaa. Asubuhi nyusi zangu zilikuwa zimepanda kama za mtu aliyeshtuliwa, nikimeza vidonge vya kichwa, na mstari wa mbele ulikuwa umejaa vipele vyeupe vidogo. Watu wakanisifu. "Imekushika!" Nikaikalisha miezi mitatu kwa sababu niliilipia. Siku ya kufumua zilitoka mkononi zenyewe, na mizizi yake, kama unavyong'oa karanga kwenye udongo wenye mvua. Nikasema zitaota. Nikaficha pengo kwa msuko mwingine.

Zile zilizoondoka ni vile vinyweleo laini vya pembeni, ambavyo kwa Kiswahili tunaviita malaika. Na naomba wanafunzi wa sarufi wanisikilize: nasema malaika ya, sisemi malaika wa. Laika moja, malaika mengi. Hao wengine wenye mabawa wakiondoka unaweza kutubu wakarudi.

Wataalamu wa ngozi wanaufahamu upara huu muda mrefu, nao hausababishwi na uchawi wala damu chafu. Ni mvuto tu. Unywele umekaa ndani ya ngozi kwenye kifuko chake. Ukivutwa kila saa kwa wiki nyingi, kifuko kinavimba, unywele unakonda, unatoka. Ukiacha kuvuta mapema, nywele hurudi. Ukiendelea, kifuko kinajifunga kwa kovu, na kovu halioti kitu. Waliouandika mwanzo hata hawakuwa wanazungumzia sisi: mwaka 1907 mtafiti Trebitsch aliueleza kwa wanawake wa Greenland, kule kwenye barafu, waliokuwa wakikaza nywele zao fundo moja juu ya kichwa. Karne moja baadaye, 2007, timu ya Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Cape Town ilichapisha utafiti wa watu wazima wa huko, na karibu theluthi ya wanawake walikuwa na upara wa kuvuta. Aliongeza jambo ambalo ningependa kila saluni ilisikie: kusuka au kushonea nywele zilizokwisha kulainishwa kwa dawa kunazidisha hatari. Dawa imeshaudhoofisha unywele, halafu unaubebesha.

Nimesema kubebesha. Sasa turudi kwenye shanga.

Sisi wa Tabora ni wajukuu wa mizigo. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, karibu kila kitu cha kigeni kilichoingia mji huu kiliingia juu ya kichwa au bega la mtu, na aghalabu mtu huyo alikuwa Mnyamwezi. Mzigo mmoja ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo thelathini, na kutoka pwani hadi hapa ilikuwa safari ya miezi mitatu kama njia ni njema. Ndani ya mizigo hiyo, pamoja na merikani na kaniki na masango ya shaba, zilikuwamo shanga. Burton, yule Mwingereza aliyefika hapa na Speke Novemba 1857, aliandika orodha ndefu ya aina zake. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa samesame, ndogo, nyekundu. Anasema wafanyabiashara waliipa majina ya utani: moja lilikuwa na maana ya mmaliza chakula, kwani mtu angeacha mlo wake aipate, na jingine mvunja mji, kwa vile wanawake waliwehuka nayo. Hayo ni maneno ya wenye duka. Hakuna aliyekwenda kuwauliza hao wanawake wanasemaje.

Na mitindo ilikuwa na mipaka yake. Stanley, kabla hajaanza safari yake ya 1871 ya kumtafuta Livingstone, ilimbidi asome shanga kama mwanafunzi anavyosoma hesabu, maana ukibeba rangi isiyotakiwa utakufa njaa na mzigo kichwani. Shanga nyeusi zilikuwa fedha Ugogo. Zikivuka Ugogo zikawa takataka. Huku Unyamwezi walitaka nyekundu. Mwenye duka la nywele hapa mjini leo anaijua hofu hiyo vizuri sana. Ana boksi la rasta za rangi ya zambarau ambazo mwaka juzi ziligombaniwa, na leo hata ukipewa bure utauliza kwanza.

Wale wasafiri waliangalia vichwa pia. Waliandika kwamba Wagogo na Wanyamwezi, wanaume kwa wanawake, walisokota nywele vijisongo vyembamba na kuzirefusha kwa nyuzi za magome ya miti. Kwa hiyo mzee anayeniandikia kila mwezi kwamba nywele za kuunga zimeletwa na televisheni, namheshimu, ila tarehe zake hazitoshi. Wamisri wa kale walivaa mawigi ya nywele za watu na kuyaimarisha kwa nta ya nyuki. Nta, ndugu zangu! Tabora yenye mizinga yote hii tumeuza nta miaka na miaka, na hatukuwahi kujisifu kwamba bidhaa yetu iliwahi kushika wigi la mke wa bwana mkubwa wa Misri.

Ila kushonea mkanda juu ya msuko, hii tuliyoiona barazani, ina mtu wake. Ni mama mmoja Mmarekani mweusi aitwaye Christina Jenkins. Alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya mawigi Chicago, akaona mawigi ya wakati ule yanahama kichwani, pini haziyashiki. Akabuni njia ya kuzishonea nywele kwenye nywele za mwenyewe, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akapewa hataza yake. Miaka ya 1960 mahakama iliitengua hataza ile, na ujuzi ukawa wa kila mtu. Leo mama wa Isevya anashona kwa sindano iliyopinda, halipi mrabaha, wala hajapata kusikia jina hilo. Nilimtajia. Akasema, "Apumzike pema, ametulisha."

Na nywele zenyewe zinatoka wapi? Hapa ndipo msafara ulipogeuka. Rasta nyingi ni plastiki ya nyuzi. Iliyovuma zaidi ni Kanekalon, ambayo kampuni ya Kaneka ya Japani iliianza mwaka 1957. Za viwandani kwetu Afrika Mashariki zipo pia. Darling hata bibi anaijua, na mwaka 2011 kampuni ya Kihindi ya Godrej ilinunua hisa zake. Sehemu kubwa ya hizi za binadamu, au zinazojiita za binadamu, hupita mji wa Xuchang, mkoa wa Henan, China, ambako nywele ndiyo kazi ya mji kama tumbaku ilivyo kwa Urambo. Na wingi wa zile nzuri unaanzia India. Kule Tirumala, kwenye hekalu la Venkateswara, mahujaji hunyoa nywele kama sadaka, maelfu kila siku, wanawake kwa wanaume. Hekalu hukusanya, hupanga kwa urefu, hupiga mnada. Aliyenyoa hapati kitu na hakutaka kitu. Alikuwa akitimiza nadhiri.

Hilo hunifikirisha kuliko bei. Mimi nimelelewa na bibi ambaye hakuacha unywele wake hata mmoja mahali pa wazi. Akichana, anauokota ulioanguka, anauviringisha kidoleni, anauchomeka kwenye ufa wa ukuta au anautupa chooni. Nywele, kucha, kitovu cha mtoto: hivyo ni wewe mwenyewe, havizagai. Akikuona umeacha mpira wa nywele kwenye kitana hakugombezi. Anakutazama tu kama mtu aliyeacha mlango wa nyumba wazi usiku. Mjukuu wa bibi huyo, yaani mimi, nimelala miezi mitatu na nywele za mwanamke nisiyemjua, pengine zilizokuwa sadaka, kisha nikazitia kwenye mfuko wa taka.

Sijui bibi angesema nini. Mashekhe wetu wanajua la kusema, na katika mji wenye misikiti kama huu siwezi kuliruka. Hadithi za Mtume zinazolaani kuunga nywele ni mashuhuri, na kuna akina mama hapa Isevya wasiogusa wivingi kwa sababu hiyo, na hawatafuti mjadala. Wako wanazuoni wa kale waliosema katazo ni la nywele kwa nywele, si uzi wala sufu. Ndiyo maana utamkuta msusi anayekataa kushonea lakini kichwa cha uzi anakisuka kwa bismillahi. Mambo ya maji kufika ngozini wakati wa kuoga janaba ni sura nyingine. Mwenye swali amfuate mwalimu wake, mimi ni wa redio.

Lakini waliotusemea zaidi hawakuwa mashekhe. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari mosi 1969, marufuku sketi fupi, suruali za kubana, dawa za kujichubua, na mawigi. Wigi likawekwa kundi moja na ukoloni. Dar es Salaam wasichana walibughudhiwa mitaani kwa jina la utamaduni, na magazetini barua zikapishana, za kuunga mkono na za kupinga. Ukitazama dunia ilivyokuwa, kioja kinazidi: katikati ya miaka hiyo hiyo ya sitini Marekani ilizuia nywele za kutoka China kwa kuwa ni za kikomunisti, Korea Kusini ikachangamkia nafasi na kujaza masoko mawigi. Yaani Washington iliziona nywele ni za Mao, na kwetu zikaonekana za mabeberu. Na leo China, rafiki yule yule aliyetujengea TAZARA, ndiye anayetusukia mabinti.

Nusu karne ikapita. Septemba 2018 Spika Job Ndugai akawazuia wabunge wenye kope na kucha za bandia kuingia ukumbini. Juni 2019, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, akasoma bajeti: ushuru wa asilimia 10 kwa nywele bandia zinazotengenezwa nchini, asilimia 25 kwa zinazoingia kutoka nje. Bajeti hiyo hiyo iliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, uliokuwa na umri wa mwaka mmoja. Mazungumzo ya vijiweni yakawa ya nywele. Ya taulo yakasemwa kwa sauti ya chini.

Mimi sina ugomvi na ushuru. Ninachokiona ni kwamba kwa zaidi ya miaka hamsini kichwa cha mwanamke kimejadiliwa na chama, Bunge, mimbari na vijiwe vya kahawa. Wakaulizana nywele hizi ni za nani, ni za kwetu au za kigeni, ni heshima au uhuni, zilipe ngapi. Hakuna hata kikao kimoja kilichouliza: inauma wapi? Ngozi ya pembeni haijapata mbunge.

Ningekuwa na kikao changu, ningeanza na haya. Msuko ukikuuma usiku wa kwanza, haujakaa, umekosewa. Vipele vikitokea mstari wa mbele, hiyo ni kengele, fumua pale palipoota, hata kama harusi ni kesho. Mkanda usishonewe kwenye malaika. Uanzie nyuma kidogo, zile za mbele zilazwe juu yake. Wiki sita, nane, inatosha, kisha kichwa kipumzike. Ukiosha, kausha mpaka chini kwenye njia, maana unyevu uliofungiwa humo huleta harufu na fangasi, na manukato hayasaidii. Mama aliyejifungua, nywele zako zitapukutika miezi michache baadaye zenyewe, ni kawaida. Usizitwike mzigo wakati huo. Na watoto wa chekechea, jamani, wa nini kuwafanya wabebe rasta za kiunoni? Shuleni wakianza watanyolewa.

Ukiniuliza katika hizi njia za kuunga ipi ina huruma, nitakwambia wigi la kuvaa na kuvua. Usiku linalala kwake nawe unalala kwako. Lile la kubandika kwa gundi pajini silo ninalolisema. Rasta nazo zina yake: zinawasha wengine, na wasusi waangalifu huziloweka kwanza kwenye maji yenye siki. Mwaka 2025 shirika la walaji la Marekani, Consumer Reports, lilipima bidhaa kumi za nywele za kusukia, likakuta kemikali zinazohusishwa na saratani kwenye zote kumi, na madini ya risasi kwenye tisa. Hizo ni za soko la kwao. Za kwetu zingepimwa nami ningesoma matokeo hapa hapa hewani, kwa furaha au kwa huzuni.

Sasa mkekani iliishaje? Nilipotia mdomo, mama alisimamisha sindano. Nilidhani atanifukuza. Nikashusha kilemba changu nyuma kidogo, tu, bila neno. Akaangalia. Akaweka kidole chake pale pembeni, pale palipo laini kama shavu.

"Nani alikufanyia hivi?"

"Msusi hodari," nikasema. "Ilikaa miezi mitatu."

Akacheka kwa puani, halafu hakucheka. Akamwinamisha binti, akakata uzi wa mistari miwili ya mbele, akaifumua na ile njia ya chini, akaanza tena vidole viwili nyuma ya paji, mkono ukiwa mwepesi. Kazi hiyo ilimlia saa nzima, na wateja wawili wakaondoka. Nikamuuliza tuongeze kiasi gani. Akataja, nikalipa, wala sikuomba punguzo. Na wewe msikilizaji unayejua jinsi tunavyombana msusi kwa mia tano, kisha dukani tunalipia pakiti bila kuuliza, unaelewa nimemaanisha nini. Binti alinyanyuka akatikisa kichwa huku na huku. Nyusi zilikuwa mahali pake.

"Shangazi, haijashika sana," akanong'ona.

"Imeshika vya kutosha."

Mwadhini alikuwa ameshaanza. Mama akachukua kitana na gazeti kuukuu, akainama kukusanya vilivyoanguka mkekani. Nikadhani anafagia tu. Alikuwa akichambua. Zile fupi zilizojikunja, za mtoto mwenyewe, aliziokota moja moja, akazifunga kwenye kipande cha gazeti, akampa mkononi. "Hizi kazitupe chooni kwenu, mwanangu. Usiziache njiani."

Zile ndefu zilizonyooka, zilizonuka kuku na zilizogeuka shanga, alizisukuma kwa ufagio wa chelewa mpaka ukingo wa baraza. Upepo wa alasiri ukazibeba hadi barabarani, zikajiviringisha na vumbi kuelekea mjini.